PlayStation ya kwanza inakataa kusoma CD: fuata mpangilio kabla ya kununua leza

Mteja akifika kwenye meza yangu hapa Katuba, Lubumbashi, na PlayStation ya kijivu imefungwa ndani ya kitenge, maneno huwa ni yale yale: "Mama, hii kintu iko nasoma tu kama unaigeuza." Kisha, kabla sijagusa hata skrubu moja: "Leza njo imekufa." Neno la kwanza naliamini. La pili naliweka pembeni mpaka nimefungua, kwa sababu mashine inayosoma ikigeuzwa ni mashine ambayo leza yake bado inawaka. Leza iliyokufa haijali umeilaza vipi.

Mashine hizi ni wazee sasa. Sony iliitoa Japani Desemba 1994, ikaingia Ulaya Septemba 1995, na ikaacha kuitengeneza mwaka 2006. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina miaka karibu 20, na imeishi kwetu, na vumbi jekundu la kiangazi na umeme unaokuja na kuondoka. Ubaya wake mwingi unatengenezeka kwa vifaa vya kawaida: bisibisi ya nyota, multimeta, chuma cha kulehemu, vijiti vya pamba, alkoli ya duka la dawa ya asilimia 90 au zaidi, na grisi nyeupe ya plastiki. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, si alkoli ya kazi hii, hata kama aliyekuuzia anaapa kwamba inawaka moto. Ina maji na mengine mengi, inaacha ukungu kwenye lenzi.

Mpangilio wangu ni huu: namba, umeme, picha, halafu CD. Leza ni ya mwisho.

Igeuze usome chini

Chini kuna karatasi imeandikwa SCPH na tarakimu. Angalia ya mwisho. Ikiwa ni 2, kama 1002, 5502, 7502 au 9002, hiyo ni ya Ulaya na inakula volti 220 bila shida. Ikiwa ni 0 ilitengenezwa kwa Japani, volti 100. Ikiwa ni 1 ni ya Marekani, volti 120. Hizi mbili zinafika kwetu ndani ya mizigo ya mitumba, plagi inaingia vizuri tu kwa adapta, na ndani ya sekunde moja umesikia "paa". Mtoto analia, baba anasema mashine ilikuwa mbovu tangu ilikotoka. Haikuwa mbovu. Volti zimeandikwa palepale kwenye karatasi. Soma kwanza, hata kama aliyeileta ni shemeji yako.

Ile ndogo nyeupe ya duara, PSone ya mwaka 2000, haina umeme wa ukuta ndani yake. Inatumia adapta ya nje ya volti 7.5. Hiyo usiibadilishie na adapta yoyote uliyoikuta kwenye droo.

Kama haiwaki kabisa

Chomoa ukutani. Toa skrubu za chini, igeuze tena, inua kifuniko. Bodi ya umeme iko kushoto ukiitazama kutoka mbele, na ndiyo sehemu pekee ya mashine hii inayoweza kukuua. Kapasita kubwa ya pale inabeba zaidi ya volti 300, kwa sababu 220 ya ukuta ikishanyooshwa kuwa umeme wa mwelekeo mmoja inapanda hadi karibu 310. Na inaweza kuzishika hata baada ya kuchomoa. Pima miguu yake kwa multimeta. Ikiwa bado ina moto, igusishe na balbu ya zamani ya waya, ile ya volti 220, mpaka iishe, kisha pima tena. Kuipiga shoti kwa bisibisi ni ushujaa wa bure: cheche zinaruka na kapasita inaumia.

Sasa fyuzi. Pima kama inapitisha. Ikiwa imekatika kimya, kioo bado kisafi, mara nyingine ni uzee tu au umeme uliorudi kwa nguvu baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Ikiwa kioo ni cheusi kama kimechomwa, usiweke mpya haraka, kuna shoti mbele yake: pima diodi nne za mwanzo, pima transista iliyo kwenye chuma cha kupoza, angalia kapasita kama imevimba kichwa.

Halafu kuna jambo ambalo nalikuta sana, nalo linanikasirisha: uzi wa waya wa umeme umelehemiwa mahali pa fyuzi. Shaba tunayo nyingi Katanga, tunaijenga mpaka kwenye sanamu, lakini mahali pake si pale. Uzi ule haukatiki. Siku umeme unarudi mwingi, kinachokatika ni mashine, na ukiwa na bahati mbaya ni pazia la sebuleni. Namba ya fyuzi imeandikwa kwenye bodi. Weka hiyohiyo.

Ukishabadilisha kitu chochote upande huu, usiwashe moja kwa moja. Pitisha waya mmoja wa umeme kwenye balbu ya wati 60 ya waya, si ya LED, balbu na mashine zikifuatana. Ikiwaka kidogo ikazima, salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo na balbu imekuokolea sehemu ulizonunua. Balbu hizo zimeanza kuwa adimu. Ukiziona kwenye soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, chukua mbili uweke.

Bodi ikiwa nzima, kwenye soketi inayokwenda bodi kubwa utapata volti kama 7.5 na 3.5. Zikiwepo zote na mashine bado imekufa, kazi imehamia bodi kubwa, na hapo kwa mtu anayeanza namshauri atafute mashine nyingine ya kuvunja.

Picha nyeusi na nyeupe

Hili halihitaji hata kufungua. Nchi yetu ilirithi SECAM, mashine inatoa PAL, na hiyo ni mifumo tofauti ya rangi za televizheni, na televizheni ya zamani ikiwa imefungwa kwenye SECAM inaonyesha mchezo bila rangi. Ingia kwenye menyu, weka AUTO au PAL. Michezo ya Marekani kwenye mashine iliyowekewa chipu ya kusoma michezo ya nchi nyingine inaweza kutoa hali hiyohiyo kwa televizheni isiyojua NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani. Picha ikicheza ukigusa waya, ni waya.

CD: kabla ya bisibisi, tazama na usikilize

Skrini mbili za mwanzo zinakuambia mengi. Ile nyeupe yenye almasi ya rangi ya chungwa inatoka kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe, haihitaji CD. Ikija hiyo, ubongo na picha ni vizima. Ile nyeusi yenye alama ya PS inakuja baada ya CD kutambuliwa. Kwa hiyo: ikitoka nyeupe halafu ikakuleta kwenye menyu ya kadi ya kumbukumbu na CD, mashine haikuona CD kabisa. Ikifika nyeusi ikaganda pale, imeiona lakini inapotea njiani. Ikicheza lakini video za mwanzo zinakatakata na muziki unaruka, inasoma kwa shida, na hapo ndipo nafurahi, kwa maana karibu kila mara ni uchafu au reli ambayo lenzi inatembea juu yake.

Jaribu la pili: weka CD ya muziki, rumba yoyote halisi ya dukani isiyo na mikwaruzo. CD ya muziki inazunguka kwa kasi ya kawaida, mchezo unazunguka mara mbili yake. Muziki ukipiga wimbo wa kwanza vizuri na wa mwisho unaruka, kigari cha lenzi kinakwama kikielekea nje. Muziki ukipiga wote na mchezo unakataa, usilaumu mashine kabla hujajaribu mchezo mwingine. CD za kuchomwa nyumbani zinarudisha mwanga kidogo kuliko zile nyeusi za kiwandani, na leza iliyochoka inaziona hizo kwa taabu zaidi.

Jaribu la tatu ni sikio. Funga kifuniko, washa. Unapaswa kusikia kigari kikirudi ndani, halafu lenzi ikipanda na kushuka kidogo ikitafuta, kisha CD inaanza kuzunguka. Kama hakuna chochote, angalia kwanza kile kidude kidogo kinachobonyezwa na kifuniko. Kikivunjika jino lake, mashine inadhani iko wazi. Watoto wengi wanakibana kwa kijiti cha kiberiti ili wabadilishe CD mashine ikizunguka, na kijiti kinaanguka ndani. Nimetoa vijiti vya kutosha kuwasha mbabula, jiko la makaa.

Kusafisha

Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoli, kikamue, pitisha juu ya lenzi kwa mzunguko mdogo bila kukandamiza. Lenzi inaning'inia kwenye waya nyembamba sana. Ukiisukuma chini kwa nguvu umeipinda. Kausha kwa kijiti kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni adui. Zile CD zenye brashi zinazouzwa za kusafishia siziamini, zinazungusha mchanga uliopo tayari.

Mashine nyingine zinaishia hapa: unasafisha, unajaribu, inasoma. Mrudishie mtu mali yake, na bei iwe ya kusafisha.

Kigari na reli, ndipo penye ugonjwa wenyewe

Kama bado, toa kifaa kizima cha CD. Kimekaa juu ya mipira, kinainuka chenyewe, kimeshikwa na utepe wa waya na plagi ndogo ya mota. Utepe uvute ulionyooka, si kwa upande. Ncha zake zisugue kidogo na kifutio cha penseli, kisha alkoli.

Geuza kifaa uone lenzi inavyotembea. Upande mmoja kuna fimbo ya chuma, upande wa pili mguu wa kigari unateleza juu ya ukingo. Kwenye mashine za mwanzo, kama 1002, karibu vyote hivi ni plastiki, na kifaa kilikaa jirani na bodi ya umeme, kwenye joto. Plastiki inalika, tena inalika upande mmoja zaidi ya mwingine, kama kandambili ya mtu anayetembea kwa kisigino. Kigari kinainama kidogo, lenzi haitazami tena CD wima, mwanga unarudi pembeni. Ukiigeuza mashine chini juu, uzito wa kigari unavutwa upande mwingine, pembe inarudi karibu na ilivyokuwa, mchezo unafunguka. Ndiyo siri yote ya kugeuza. Inasaidia kwa muda, lakini mguu unaendelea kulika, na ipo siku hata kugeuza hakufai. Mashine za baadaye Sony waliweka kigari cha chuma na kukihamisha mbali na joto, kwa hiyo 7502 ikileta tabia hii, shuku uchafu na grisi kavu kabla ya kuchakaa.

Kwanza ondoa grisi ya zamani yote. Imekuwa gundi, imebeba vumbi la Ruashi, la Kenya, la kila alikopita mwenyewe. Futa fimbo, futa ukingo, futa meno ya gia kwa mswaki na alkoli. Zungusha gia kwa kidole: kigari kiende mwanzo hadi mwisho bila kusita mahali. Kikisita, tafuta unywele, jino lililovunjika, gia yenye ufa. Kisha grisi nyeupe kidogo sana kwenye fimbo na ukingo, kiasi cha punje ya mchele. Si mafuta ya injini, na tafadhali si mawese. Nimewahi kufungua moja iliyonukia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Ikiwa mguu umelika kweli, utauona una bonde linalong'aa. Tiba ninayoifanya ni kubandika kipande chembamba cha plastiki laini chini ya mguu, kisichofika hata milimita moja. Kifuniko cha kopo la majarini kinafaa. Kata, weka bila gundi, jaribu. Kikizidi, lenzi inainama upande wa pili na umehamisha ugonjwa. Ukipata unene sawa ndipo unabandika, tone dogo la gundi ya haraka, na uache wazi mpaka ikauke kabisa mbali na lenzi, kwa sababu mvuke wa gundi ile unaacha utando mweupe kwenye kioo. Njia nyepesi zaidi, kwa ubaya mdogo, ni kukunja karatasi ngumu na kuiweka chini ya mpira mmoja wa kifaa, ujaribu kona kwa kona. Haina heshima, lakini nimeona zinaishi hivyo muda mrefu.

Ukijaribu kifuniko kikiwa wazi na kidude kimebanwa, usichungulie lenzi kutoka juu. Mwanga wake ni wa nanomita 780, jicho halioni zaidi ya wekundu hafifu, lakini unaingia. Ukitaka kujua kama leza inawaka, tumia kamera ya simu kwa upande. Nyingi zitakuonyesha nukta ya zambarau.

Angalia pia kitovu kinachoshika CD, chenye vidude vitatu vya springi. Watu wanabonyeza CD kwa ngumi na kitovu kinashuka kwenye mhimili wa mota. CD ikikaa chini mno, lenzi haipati umbali wake, na mara nyingine unasikia inakwaruza. Inua kitovu polepole pande mbili kwa wakati mmoja, kidogo sana, ujaribu kila mara.

Kile kiskrubu kidogo

Karibu na leza, kwenye kibao chake, kuna kirekebishi kidogo cha bisibisi bapa. Vijana wanakijua, na ndicho cha kwanza wanachogusa. Kinapandisha nguvu ya leza. Mashine inasoma siku hiyo, mteja anashangilia, na leza inaungua polepole mpaka imekwisha. Mimi nakigusa tu kama vyote vya juu vimefanyika na hakuna leza ya kubadilisha. Hata hapo napima kwanza ohmu zake, naziandika kwenye mkanda ndani ya kifuniko, nachora alama ya kalamu, ndipo nasogeza upana wa unywele. Ikiletwa kwangu na alama za bisibisi juu yake, nauliza nani aliifungua. Jibu huwa "hakuna mutu."

Ukilazimika kununua leza

Soma namba iliyo kwenye kifaa chenyewe, si kwenye mdomo wa muuzaji. Zote zinaanza na KSM-440, herufi zinazofuata ndizo zenye maana. ACM ni ya mashine za mwanzo. AEM na BAM ni za baadaye, na BAM ndiyo rahisi kuipata, pamoja na kwenye PSone. Kuiweka BAM kwenye 1002 ni kutafuta taabu.

Na hili lisome mara mbili. Leza mpya inakuja na tone dogo la risasi ya kulehemu kwenye kibao chake, limeunganisha nukta mbili ili umeme wa mkononi usiiue njiani. Usipoliondoa, leza haiwaki. Watu wanaifunga, haisomi, wanarudi kwa muuzaji Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kugombana, na leza ni nzima. Funga utepe kwanza, kisha gusa tone kwa chuma cha moto na utambi wa kunyonya risasi, libaki safi. Kabla ya kuishika, gusa chuma kilichofika ardhini. Hasa Juni na Julai, hewa ikiwa kavu na umevaa sweta la sufi.

Vidhibiti na kadi sitavisemea sana. Kidhibiti kilichokufa, waya umekatika karibu na plagi. Kitufe kigumu, osha mpira wake mweusi na alkoli. Kadi inayosahau, safisha meno yake; ikikataa tena, nunua nyingine, ni kilobaiti 128 tu.

Kabla ya kuirudisha

Funga skrubu zote, pamoja na zile za sahani ya chuma, kwa maana inapitisha joto na ardhi. Ilaze inavyopaswa, si kichwa chini, na iache icheze saa nzima mchezo wenye video nyingi. Ugonjwa wa reli unajificha mashine ikiwa baridi na kurudi ikipata joto. Nikiwa nimesafisha tu na ikaanza kukatakata baada ya nusu saa, nafungua tena na kutazama mguu.

Mwambie mwenyewe achomoe ukutani umeme ukikatika, asitegemee kitufe, na asiiweke juu ya dekoda. Zile zisizopona nazivunja: kitovu, gia, mipira, kidude cha kifuniko, bodi ya umeme, kila kimoja kwenye mfuko wake na namba ya SCPH imeandikwa juu. Gia ya mashine moja iliyokufa imeshaamsha nyingine, na mteja wa pili analipa gia, halipi leza.